Kipande cha Mwisho Kabla ya Ndoano

Vijana wangu wa bwawani,

Mugendi alinipigia simu juzi akaniuliza swali alilodhani ni dogo. Alitaka kujua mfungie ndoano zenu kwa uzi gani, kwa sababu mmoja wenu ameagiza kwa simu uzi mpya wa ng'ambo ambao wanasema samaki hawauoni. Nilimwambia nitawajibu nyote kwa maandishi. Kwenye simu huwa nasahau nusu ya ninachotaka kusema, na nusu nyingine mtandao unaimeza.

Naandika nikiwa Kanja, kwa binti yangu Wawira. Huku ni juu, baridi ipo, na nguo zikifuliwa asubuhi zinaanuliwa jioni bado zina unyevu. Watu ni wema na chakula hakikosekani. Lakini mito ya huku ni midogo, ina kelele na inateremka mbio kama mtu aliyechelewa. Hakuna maji yaliyotulia ambayo mzee anaweza kukaa akayatazama. Nimevua kwenye bwawa la Kamburu miaka mingi hivi kwamba hadi leo nikiamka nasikiliza kwanza upepo unatoka upande gani. Kisha nakumbuka kwamba huku upepo hauna kazi ya kunipa.

Basi, uzi.

Kamba ya ndoano mnaijua. Kuna kamba mama, ndefu, inayolala majini, halafu kuna vipande vifupi vinavyoning'inia kutoka kwake, kila kimoja na ndoano yake. Kile kipande kifupi sisi tulikiita mkono. Wavuvi wengi hununua ndoano nzuri, wakanunua kamba mama imara, kisha mkono wakaufunga kwa chochote kilichobaki chini ya boti. Lakini samaki hajui kamba mama yako. Anachokutana nacho ni chambo, ndoano na mkono. Hapo ndipo anapoamua kama atakuwa wako.

Jambo la kwanza, mkono uwe dhaifu kuliko kamba mama. Nimewaona mkifanya kinyume, mkajisifu kwamba uzi wenu haukatiki. Chini ya maji ya Kamburu kuna miti. Mimi naijua, nililisha mbuzi chini ya kivuli chake kabla ukuta haujajengwa na mto haujapanda juu ya malisho yetu. Ndoano ikishika kisiki, mkono dhaifu unakatika, wewe unapoteza ndoano moja na unaendelea na kazi yako. Mkono ukiwa na nguvu kuliko kamba mama, unaacha kila kitu huko chini, na unarudi nyumbani kumweleza mkeo.

Haya hayakutoka kichwani mwangu. Aliyenifundisha ni Okello, mtu wa Ziwa, kutoka pande za Nyanza. Alikuja Kamburu bwawa likiwa bado jipya, wakati sisi Wambeere tulikuwa tunayatazama yale maji tusijue ni ya nini. Nyumbani kwetu samaki hakuwa chakula. Mama yangu aliingia kaburini bila kumwonja. Kwake samaki alikuwa nyoka wa maji, na siku nilipomwambia nimeanza kuvua na Okello, aliniletea sufuria ya peke yangu, akanionyesha upande wa boma ambao upepo hautarudisha harufu, akasema huko ndiko nitakakopikia.

Okello hakuwa mtu wa maneno. Nilimwita Jaduong', kama watu wa kwao wanavyomwita mtu wanayemheshimu, na yeye aliniita omera, yaani ndugu. Alikuwa na mazoea ambayo mwanzoni yalinichosha. Mkono ukirudi umekatika, hakuutupa. Aliusogeza karibu na jicho akausoma. Ncha ikiwa imejikunja kama mkia wa nguruwe, fundo limeteleza, na kosa ni la aliyefunga. Ncha ikiwa nyeupe na ina manyoya, imesuguliwa na jiwe au kisiki. Ikiwa imekuwa nyembamba kuliko ulivyoinunua, imevutwa hadi ikashindwa. Na ikiwa imekatwa safi, ama kuna meno, ama kuna mwizi.

Nawaomba mfanye hivyo. Kabla ya kulaumu duka, someni ncha.

Mambo mengine aliyonifundisha ni haya. Fundo la nailoni ulilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza, la sivyo linaungua lenyewe kwa lenyewe, hata kama huoni moshi. Kabla ya kuutia mkono majini, upitishe katikati ya midomo, polepole. Kidole cha mvuvi kimekufa ganzi, hakisikii kitu, lakini mdomo unasikia hata mkwaruzo mdogo. Uzi usiuache juani. Jua la Gachoka linaua nailoni kabla halijachubua rangi ya boti. Na kambare mfungieni uzi mnene mlaini, chambo kiwe kipande cha sabuni ya kufulia, ambayo anaipenda kwa sababu anazozijua yeye. Miaka ile sabuni ilikuwa inatoweka katika nyumba zote za karibu na maji, na kila mke alijua inakokwenda.

Sasa niwaambie kuhusu waya, kwa sababu najua mtajaribu.

Mahali mto Thiba unapoingia bwawani kuna mawe makubwa yaliyolala chini. Mimi na Okello tulitega pale msimu baada ya msimu, na kila mara mikono kadhaa ilirudi mitupu. Okello alizisoma zile ncha moja moja. Hazikuwa zimekatwa safi, wala hazikusuguliwa upande mmoja. Zilikuwa zimesokotwa kama mtu amezizungusha kati ya vidole, kisha zikatafunwa bila haraka.

"Mkunga," alisema mwishowe. "Na ni mzee."

Mkunga ni samaki mrefu kama nyoka, na mama yangu angemwona yule angejua alikuwa na haki siku zote. Meno yake ni madogo, mengi, kama msasa wa fundi. Haukati uzi, anausaga. Tena akishikwa anarudi kinyumenyume kwenye shimo lake chini ya jiwe na kuanza kujizungusha. Tulimfungia nailoni nene, akaisokota ikawa kama chemchemi ya kitanda, akaisaga, akaenda. Tuliongeza unene, akafanya vile vile.

Hapo ndipo nikapata akili yangu ya waya. Nilikuwa na baiskeli. Waya wa breki ndani yake ni nyuzi nyembamba za chuma zilizosokotwa pamoja, na mimi niliona hakuna meno ya kuusaga ule. Niliung'oa, nikatengeneza mikono miwili mizuri ya kung'aa, nikaitega kwenye mawe. Asubuhi yake chambo kilikuwa kimeguswa kidogo na kuachwa. Tukatega tena, tukakuta vile vile. Mkunga alikuwa akionja, anasikia ugumu wa waya, anaondoka. Okello aliniambia chuma ni kwa samaki mwenye hasira. Huyu wetu hakuwa na hasira, alikuwa na mashaka, na mwenye mashaka anataka kitu laini.

Nilichosahau ni kwamba baiskeli sasa haikuwa na breki. Nilikuja kukumbuka kwenye mteremko wa kuingia Gachoka, nikiwa na kikapu cha samaki nyuma. Nilijitahidi kwa miguu hadi ndala zikanitoka. Mwisho wa mteremko kulikuwa na boma la mzee mmoja mfugaji, lililozungushiwa uzio wa miiba, na huko ndiko nilikoingia. Mbuzi walitawanyika. Samaki walitawanyika. Msichana wa boma lile alikuja na sindano ya kushonea magunia akanitoa miiba mmoja mmoja, bila haraka, na baada ya muda akauliza breki ilikuwa wapi.

Nikamwambia iko majini, nimeifungia ndoano.

Alinitazama kuhakikisha simfanyii mzaha, kisha akacheka hadi akaketi chini. Huyo alikuwa Marigu. Baba yake alisema binti yake hataolewa na mtu anayenuka bwawa, na ilinibidi kwenda pale mara nyingi, nimeoga, bila samaki, na kuzungumza naye juu ya mbuzi tu, ambao kwa bahati nzuri nilikuwa nawajua tangu utotoni. Alikubali mwishowe. Nadhani alichoka.

Marigu alikuwa msusi wa vyondo, vile vikapu vya mkonge. Alikuwa na mazoea ya kuja ufukweni jioni na kazi yake mkononi kunisubiri, na mara nyingi alitukuta mimi na Okello tumeketi na mikono iliyokatika mbele yetu, tukibishana kuhusu mkunga yule yule. Alitusikiliza kwa muda mrefu. Siku moja aliomba kuuona ule uzi uliosagwa. Akauviringisha katikati ya vidole, akatuambia kosa letu ni kwamba tunatafuta uzi mmoja wenye nguvu. Kitu kilicho kimoja, alisema, kikianza kukatika kimekwisha. Kiondo hakikatiki hivyo, kwa sababu nyuzi zake ni nyingi na kila moja inangoja zamu yake.

Alichukua uzi wa kushonea nyavu, akaufumua hadi nyuzi zake nyembamba kabisa, akazisokota kwa kiganja juu ya paja kama alivyosokota mkonge. Akapata nyuzi laini, akazisuka pamoja tatu tatu. Ukiushika ule mkono ulikuwa kama kamba ya kiatu iliyovaliwa sana. Okello aliupitisha midomoni, akaurudia, na nikaona amependa. Meno ya mkunga yangezama katikati ya nyuzi, yakate chache, na zilizobaki zishike.

Lilibaki suala la kujizungusha. Hilo nililimaliza mimi. Mbuzi wetu tuliwafunga kwa kamba yenye kijiti kilichotobolewa katikati, kinachozunguka chenyewe, ili mbuzi akiuzunguka mti kamba isijisokote. Okello alitengeneza kidogo cha aina hiyo kwa chuma, tukakiweka mahali mkono unapokutana na kamba mama. Siku hizi mnavinunua dukani vimefungwa kwenye karatasi. Msivitumie kwa tilapia, vinamtisha. Kwa mkunga na kambare ni lazima.

Tulimpata asubuhi moja mvua za masika zikiwa zimeanza. Nilishika kamba nikataka kuvuta, Okello akanikataza. Alisema nishike uzito tu, nisiongeze na nisipunguze, nimwache aamue mwenyewe kutoka kwenye jiwe. Yeye alishika kasia akaiweka boti mahali pamoja. Mikono iliniuma hadi ikaacha kuuma. Jua lilikuwa limeshapanda vizuri ndipo niliposikia ule uzito ukilegea kidogo na kunifuata. Alitoka kichwa mbele, mnene kama mguu wangu, na mrefu hivi kwamba kichwa chake kilikuwa kwenye boti na mkia bado unapiga maji. Nilitazama mkono. Zaidi ya nusu ya nyuzi za Marigu zilikuwa zimekatika na kusimama kama nywele. Zile zilizobaki ndizo zilizotuletea.

Ufukweni walikuwapo Marigu na Salim. Salim alikuwa mfanyabiashara kutoka mji wa Maua, mtu wa sala na wa utani, aliyekuja kila wiki na pikapu yake kununua samaki kwa wateja wa Meru. Alipoona tulichobeba alishuka akasema mteja wa mkunga yupo tayari. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufunga mdomo wa gunia. Salim aliinama kumwangalia vizuri, na utani ukamtoka. Alituonyesha macho, jinsi yalivyokuwa makubwa kuliko ilivyostahili, na tumbo lilivyoanza kuwa jeupe la kung'aa. Akatueleza kwamba wajomba zake waliishi chini kabisa, karibu na mahali Tana inapomwagika baharini, na huko wakati wa mafuriko waliwaona mikunga wa namna hii wakipita. Wanazaliwa baharini, alisema. Wanaupanda mto wakiwa wadogo kama uzi, wanakaa huku juu hadi wanazeeka, na siku yao ikifika miili yao inabadilika, wanateremka kurudi walikozaliwa ili wazae. Huyu alipanda kabla kuta za mabwawa hazijajengwa.

Okello alikuwa amechuchumaa kando ya gunia. Aliuliza mkunga akifika ukutani anafanya nini.

"Anazunguka hapo," Salim alimjibu. "Halafu anarudi kwenye jiwe lake. Mvua nyingine ikija, anajaribu tena."

Lazima niwaeleze jambo kuhusu Okello. Alikuwa na mama kwao, na alikuwa na ndugu ambao aligombana nao juu ya shamba siku za matanga ya baba yao. Aliondoka kwa hasira, akasema hatarudi hadi waje kumwita wenyewe. Hawakuja. Mama yake alikuwa akimtumia salamu kwa watu waliotoka Ziwani, na salamu zilikuwa zile zile, kwamba bado yupo. Kila masika Okello alikuwa akifua shati lake zuri, anapanga mkoba, na mkoba unakaa mlangoni siku kadhaa. Kisha anaufungua na kurudi kwenye boti. Hatukuwahi kulizungumza. Nilikuwa nikiona ule mkoba mlangoni, naongea juu ya ndoano.

Alibaki pale amechuchumaa kwa muda. Ndipo akamuuliza Salim kama pikapu ina mafuta.

Nilipinga. Nilimkumbusha misimu tuliyomfukuza yule samaki, nikamkumbusha mikono tuliyopoteza. Hakubishana nami. Alishika ncha moja ya gunia, akaniambia, "Omera, shika upande ule."

Tukaenda sote wanne. Salim aliendesha, Okello mbele kando yake. Mimi na Marigu tulikaa nyuma na gunia, na Marigu alikuwa akilimwagia maji kutoka kwenye jerikeni kila tulipopita bonde lenye joto. Tulipita Kiritiri, tukateremka Kiambere, tukaendelea chini hadi tukaupita ukuta wa mwisho. Huko Tana ni mto tena, mwekundu, na unakwenda. Salim alionya kuhusu mamba, akakataa kushuka kwenye gari. Okello aliingia hadi magotini. Tulifungua gunia. Mkunga alilala kwenye maji mafupi bila kusogea, nikadhani tumemchelewesha. Kisha akajinyosha kuelekea mahali penye kina na hatukumwona tena.

Okello alinawa mikono, akakaa juu ya jiwe hadi suruali ilipokauka. Tukiwa njiani kurudi nilimsikia kupitia dirisha la nyuma akimuuliza Salim mabasi ya Kisumu yanaondokea wapi pale Embu, na saa ngapi.

Aliondoka wiki ile ile. Aliniachia boti, kasia na ndoano zote. Alichochukua ni shati lake na kifurushi cha mikono ambacho Marigu alimsokotea. Aliahidi kurudi baada ya kumwona mama. Nilimsindikiza hadi kwenye basi, nikasimama pale hata baada ya basi kuondoka, na nilipofika bwawani siku iliyofuata nilikaa kwenye boti upande wangu, kama kawaida, nikangoja mtu akae upande wa pili.

Hakurudi. Mama yake aliishi miaka mingi zaidi ya vile yeyote alivyotarajia, ndugu wakapatana, na Okello akavua kwao. Tulilijua hilo kwa watu waliopita. Marigu hakuacha kumtumia mikono. Kila alipomsikia mtu anakwenda Nyanza, alisokota kifurushi, akakifunga kwa kitambaa, akasema kipelekwe kwa Baba Akinyi, kwa jina la binti yake. Sikuwahi kumwambia asokote. Nilikuwa nikimkuta tu barazani na paja limekuwa jekundu.

Kwa mikono ile ile mimi nilivua hadi nikazeeka. Wengine walihamia nailoni inayong'aa, ni rahisi na haihitaji mke. Sikuwalaumu. Lakini kwa samaki mwenye meno ya msasa sijaona kitu kilichoshinda kazi ya Marigu, na hapo nawajibu sehemu ya swali lenu. Uzi wenu wa ng'ambo nimeushika, Wawira alinitafutia kidogo. Ni mgumu, unazama haraka, mawe hayausumbui. Utumieni wakati wa kiangazi upande wa ukutani, maji yakiwa safi, kwa tilapia wakubwa wenye woga. Wakati Thiba inaleta udongo, hata kamba ya ng'ombe samaki haoni, na mtakuwa mmejificha mbele ya mtu aliyefumba macho.

Marigu aliniacha msimu wa kuvuna ndengu. Aliugua muda mfupi. Nilirudi majini mara chache baada ya hapo. Kuvua niliweza, ila kurudi ufukweni kulinishinda, kwa sababu macho yangu yalikuwa yanatangulia kwenda mahali alipokuwa akikaa. Nikaigawa boti, Wawira akaja kunichukua.

Mwaka jana simu iliingia kutoka nambari nisiyoijua. Alikuwa Akinyi. Alikuwa ametafuta nambari yangu kwa wavuvi wa Kamburu hadi akampata Mugendi. Alisema baba yake ni mzee, macho yamekwisha, na amekuwa akinitaja. Nilimwambia nitakuja. Kuhusu Marigu sikusema. Jambo kama lile sikuweza kulituma kwa simu.

Sikutaka kwenda mikono mitupu, kwa hiyo nilinunua uzi wa nyavu, nikaufumua, nikasokota mwenyewe. Nilikuwa nimemtazama Marigu maisha yangu yote, nilijua kila hatua. Lakini uzi wangu ulitoka mgumu. Nilifumua, nikasokota upya, ukatoka mgumu tena. Mkono wangu unasokota kwa nguvu, wake ulijua mahali pa kuacha. Nikaifunga mikono ile hivyo hivyo kwa kitambaa.

Nilimkuta Okello ameketi kwenye kiti nje ya nyumba yake, Ziwa likionekana kwa mbali ingawa yeye halioni. Alinijua kwa kikohozi kabla sijasalimia. Tulishikana mikono kwa muda mrefu. Akinyi alileta chai, na mimi nikamwekea baba yake kile kifurushi magotini, nikisema moyoni kwamba nitamweleza baadaye, tukishakunywa. Alifungua kitambaa kwa vidole. Akachukua mkono mmoja, akaupitisha midomoni kama zamani, polepole, kutoka ncha hadi ncha. Akaushusha.

"Huu si wa Marigu," alisema.

Nikamwambia si wake.

Akinyi alikuwa amesimama na birika. Okello alitafuta mkono wangu akaushika, na tukakaa hivyo hadi chai ikapoa. Baadaye alianza kuniuliza habari zake, aliugua nini, alilazwa wapi, nani alimwimbia, na nikamjibu yote. Ilikuwa mara ya kwanza kwangu kuyasema kwa mpangilio.

Siku ya pili aliniomba nimfundishe kusokota. Nilimwambia mwalimu mwenyewe ameshindwa. Akasema si kitu, tutashindwa wawili. Akakunja suruali, nikamwekea nyuzi pajani, nikashika kiganja chake nikakisukuma mbele na kukirudisha. Ule uzi wake wa kwanza ulikuwa mbaya kuliko wangu. Wa tatu ulikuwa laini. Labda ni kwa sababu hakuwa anautazama. Nilimwambia umekaribia, akaupitisha midomoni, akakubali kwa kichwa, na tukaendelea na kazi hadi Akinyi alipotuita kula. Nawapa hilo pia, vijana wangu: mkisokota, fumbeni macho na mwache kiganja kiwe chepesi.

Nilikaa wiki moja. Siku ya kuondoka alinisindikiza hadi kwenye njia, akiwa ameshika bega la Akinyi. Alisema nikifika Embu nimpigie simu ajue nimefika salama. Niliahidi. Kule Kisumu nilipata kiti cha dirishani, nikaweka mkoba wangu, na basi lilikuwa bado halijawashwa injini nilipotoa simu.

"Umefika?" aliniuliza.

"Bado, Jaduong'," nikamwambia. "Hatujaondoka."

Hakucheka. Aliniuliza kiti kikoje, nikamweleza. Tukaongea hadi basi lilipotoka kituoni.